Jinsi ya Kulinganisha Lenzi za Jicho za Darubini Bila Kujidanganya

Chukua darubini ya kioo ya milimita 130 yenye urefu wa fokasi wa milimita 650, aina inayopatikana kwa wingi, pamoja na lenzi mbili za jicho zinazokuja nayo: ya milimita 25 na ya milimita 10. Ielekeze kwenye nebula ya Jabari, wingu la gesi katika kundi la nyota liitwalo Orion kwa Kiingereza. Kwa ile ya 25 utaona anga la kijivu. Ukiweka ya 10, anga linageuka jeusi na nebula inajitokeza. Wengi huishia hapo na kuamua kwamba ya 10 ni bora. Hawakulinganisha lenzi, wamelinganisha ukuzaji. Ya 25 inakuza mara 26 na ya 10 mara 65, kwa hiyo mwanga uleule wa anga umetandazwa jichoni kwenye eneo kubwa zaidi ya mara sita, na lazima ufifie. Ingekuwa hivyohivyo hata kama lenzi zote mbili zingekuwa za kiwanda kimoja na ubora mmoja.

Sifa nyingi na lawama nyingi zinazosemwa kuhusu lenzi za jicho zinatokana na kosa hilo. Lenzi haifanyi kazi peke yake. Mbele yake kuna kioo kikuu, mbele ya kioo kuna hewa, na nyuma yake kuna jicho lako, na kila kimoja kina dosari zake. Kulinganisha ni kujua dosari ipi ni ya nani. Kazi hiyo inawezekana kwa usiku mmoja, ukiwa na saa yenye sekunde, daftari na taa nyekundu yenye mwanga mdogo.

Hesabu za mchana

Anza kwa kusoma maandishi ya ubavuni. Namba ni urefu wa fokasi kwa milimita, na herufi zinataja muundo. H ni Huygens na SR ni Ramsden, miundo ya zamani yenye mwono mwembamba, isiyoelewana kabisa na darubini za f/5 (yaani zenye fokasi mara tano ya kipenyo chake, kama hii yetu). K ni Kellner, muundo wa mwaka 1849. PL ni Plössl, uliobuniwa Vienna mwaka 1860: vipande vinne vya kioo, na mwono wa nyuzi 50 hivi. Or ni Orthoscopic, muundo wa Ernst Abbe wa mwaka 1880, wenye nyuzi 40 hadi 45 tu lakini safi sana katikati. Lenzi pana za kisasa, za nyuzi 68, 82 na hata 100, zina vipande sita, saba au zaidi, na nyingine hukaribia kilo moja kwa uzito.

Nyuzi hizo ni upana wa lile duara unaloliona ukiweka jicho kwenye lenzi. Tuliite dirisha. Dirisha la nyuzi 50 unaliona lote bila kusogeza jicho. La nyuzi 82 inabidi uzungushe macho ili ufikie ukingo. Dirisha si sawa na kipande cha anga kinachoingia ndani yake, na kuchanganya mambo hayo mawili kumewatoa watu fedha nyingi. Tutarudi hapo.

Kisha piga hesabu tatu kwa kila lenzi.

Ya kwanza ni ukuzaji: gawa urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi. 650 kwa 10 ni mara 65. Kikomo chenye maana ni karibu mara mbili ya kipenyo cha darubini kwa milimita, yaani mara 260 kwa darubini ya 130, na usiku mwingi hewa yenyewe haikuruhusu kuvuka 150 au 200. Ukikuta lenzi ya SR 4 kwenye boksi la darubini ya milimita 70 yenye fokasi ya 700, hesabu yake inatoa mara 175 wakati kikomo chake ni 140. Lenzi hiyo usipoteze muda kuipima.

Ya pili ni duara la mwanga linalotoka nyuma ya lenzi na kuingia kwenye mboni yako. Gawa fokasi ya lenzi kwa uwiano wa fokasi wa darubini. Darubini yetu ni f/5 (650 kwa 130), kwa hiyo lenzi ya 25 inatoa duara la milimita 5, na ya 10 inatoa milimita 2. Unaweza kuliona kwa macho: mchana, elekeza darubini kwenye anga jeupe upande wa mbali kabisa na jua, rudi nyuma sentimita 30, na utaona kiduara chenye mwanga kikielea juu ya lenzi. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi, lakini ya mtu mzima wa makamo mara nyingi haifiki hapo. Duara likizidi mboni, mwanga wa ziada unaishia kwenye sehemu ya rangi inayozunguka mboni. Mjini, ambako anga lina mwanga wa taa, duara la milimita 2 hadi 3 hupendeza zaidi kwa vishada vya nyota na nebula, na hili nalo ni jambo la ukuzaji, si la ubora wa lenzi.

Hapa ndipo sharti kuu la ulinganisho linapopatikana. Lenzi mbili zinazoshindanishwa zisipishane kwa fokasi zaidi ya asilimia 10 hivi. Ya 10 na ya 9 zinakubalika kwa shingo upande. Ya 12 na ya 8 hazikubaliki kwa giza la anga wala kwa nyota hafifu, ila unaweza bado kuzihukumu kwa ukingo, kwa mwanga wa uongo na kwa raha ya jicho.

Ya tatu ni nafasi ya jicho, yaani umbali kati ya kioo cha mwisho na jicho unapoliona dirisha lote. Kwa Plössl ni kama asilimia 70 ya fokasi yake: ya 10 inakupa milimita 7 tu, na kope zinafuta kioo kila ukipepesa. Mvaa miwani anahitaji milimita 15 hadi 20. Lakini kama miwani yako ni ya kuona mbali au karibu tu, ivue, kwa sababu gurudumu la fokasi litafidia. Mwenye astigmatizimu (jicho ambalo mpindo wake si sawa pande zote) ndiye asiyeweza kuvua bila hasara, hasa kwenye lenzi zenye duara kubwa la mwanga.

Pete iliyo ndani ya bomba

Geuza lenzi na uchungulie kwa upande wa chini. Kwenye miundo rahisi utaona pete nyembamba ya chuma. Hiyo ndiyo inayokata ukingo wa dirisha, na kipenyo chake ndicho kinachoamua kipande cha anga. Bomba la kawaida la inchi 1.25 lina upana wa nje wa milimita 31.7, na pete kubwa inayoweza kukaa ndani yake ni ya milimita 27 au 28. Bomba la inchi 2 linaruhusu pete ya karibu milimita 46. Hakuna ujanja wa kiwanda unaovuka mipaka hiyo.

Kwa hiyo Plössl ya milimita 32 yenye nyuzi 50, na lenzi ya milimita 24 yenye nyuzi 68, zote za inchi 1.25, zinaonyesha kipande kilekile cha anga. Kwenye matoleo ya kampuni ya Tele Vue pete zote mbili ni za milimita 27. Ile ya 24 inakikuza zaidi kipande hicho na kukitandaza kwenye dirisha kubwa, na anga linakuwa jeusi zaidi kwa sababu duara la mwanga limeshuka kutoka milimita 6.4 hadi 4.8. Ni faida ya kweli, hasa mjini. Ila anayeinunua akitarajia kuona anga zaidi hataliona. Na Plössl ya milimita 40 ya inchi 1.25 ni mbaya zaidi kwa hesabu hii: kipande ni kilekile, dirisha limesinyaa hadi nyuzi 43 hivi, na kwenye f/5 duara la milimita 8 linamwaga mwanga ovyo.

Kipande cha anga kwa nyuzi ni kipenyo cha pete, gawa kwa fokasi ya darubini, zidisha kwa 57.3. Milimita 27 kwa 650 inatoa nyuzi 2.4. Kilimia, chenye upana unaokaribia nyuzi 2, kinaingia chote na nafasi kidogo pembeni. Kwenye darubini ya milimita 200 yenye fokasi ya 1200, pete ileile inatoa nyuzi 1.3, na Kilimia hakiingii. Hapo ndipo lenzi ya inchi 2 inapostahili bei yake.

Maandalizi ya jioni

Angalia kwanza uchafu. Alama ya kope au mafuta ya kidole kwenye kioo cha juu hutengeneza ukungu kuzunguka nyota ing'aayo, na lenzi nzuri ikashindwa na mbovu iliyo safi. Vumbi lipulizwe kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo, kwa maana mate hubaki. Usifute kwa kanga wala kwa shati: vumbi la Dodoma au la Turkana lina mchanga ndani yake na unakwaruza. Mafuta yanatoka kwa tone moja la alkoholi ya isopropili kwenye kitambaa cha lenzi, ukizungusha kutoka katikati kwenda nje. Kwa wanaokaa pwani, mmulike kila lenzi kwa tochi kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu inayoletwa na unyevu, na lenzi hiyo iondoe kwenye mashindano. Lenzi zilizobaki zihifadhi kwenye boksi linaloziba vizuri pamoja na pakiti za silika.

Toa darubini nje mapema. Kioo cha milimita 130 kinahitaji nusu saa kupoa, cha 200 kama saa nzima. Usisimame kwenye sakafu ya zege iliyochomwa na jua mchana kutwa, wala usichungulie juu ya paa la bati la jirani; joto linalopanda hapo litachemsha picha hadi usiku wa manane. Nyasi au udongo ni bora.

Hakikisha vioo vya darubini vimepangwa sawasawa. Weka nyota ing'aayo katikati, tumia ukuzaji mkubwa, kisha toa fokasi kidogo: utaona pete za mwanga zenye kivuli cha kioo kidogo ndani. Kivuli kikikaa katikati ya pete, sawa. Kikiwa upande, rekebisha skrubu kabla ya kuendelea, kwa sababu darubini iliyopinda huzifanya lenzi zote zionekane mbovu kwa kiwango kimoja, na mpimaji huondoka akisema hazina tofauti.

Kagua hewa pia. Ukingo wa Mwezi au wa Mshtarii ukichezacheza kama maji ya sufuria, acha kipimo cha ukali wa katikati kwa usiku mwingine, ufanye cha ukingo tu. Vitu vyote vya kupimia viwe juu ya nyuzi 45 kutoka upeo wa macho ikiwezekana. Hapo sisi wa karibu na ikweta tumependelewa: Jabari hupita karibu na utosi.

Nyota moja, vipimo viwili

Kipimo hiki kina tija kuliko vyote, na hakihitaji mota. Mintaka, nyota mojawapo kati ya tatu za mkanda wa Jabari, iko karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Nyota ya hapo husafiri nyuzi 1 kwa kila dakika 4. Weka Mintaka nje kidogo ya ukingo wa mashariki wa dirisha, ukiwa umeipanga ipite katikati kabisa, na usiguse darubini tena. Anza kuhesabu inapoingia, andika wakati inapofika katikati, na simamisha saa inapozama upande wa pili. Dakika ulizopata, gawa kwa 4: hizo ndizo nyuzi za kipande cha anga. Kwa pete ya milimita 27 kwenye fokasi ya 650 utapata dakika 9 na nusu hivi.

Ukiangalia, hesabu ya kugawa nyuzi za dirisha kwa ukuzaji inatoa jibu kubwa kidogo: kwa ile lenzi ya milimita 24, nyuzi 68 kwa ukuzaji wa mara 27 ni nyuzi 2.5. Saa ndiyo yenye haki. Lenzi pana hunyoosha picha ukingoni, kwa hiyo namba ya dirisha iliyo kwenye boksi haitafsiriki moja kwa moja kuwa anga.

Wakati nyota inaposafiri kutoka katikati kwenda nje, iangalie bila kuiacha. Andika dakika na sekunde inapoacha kuwa nukta na kuanza kuota mbawa au mkia. Tuseme safari ya katikati hadi ukingo ni dakika 4 na sekunde 45, na nyota imeharibika ikiwa na dakika 3 na sekunde 10. Lenzi hiyo ni safi kwa theluthi mbili za njia. Rudia mara tatu. Sasa una namba ya kulinganisha na lenzi nyingine, badala ya maneno kama "nzuri" au "si haba".

Miezi ambayo Jabari hayupo, tumia Heze kwenye kundi la Mashuke kuanzia Aprili hadi Julai, au Sadalmelik kwenye kundi la Ndoo kuanzia Septemba. Zote ziko chini ya nyuzi 1 kutoka ikweta ya anga. (Mashuke na Ndoo ni yaleyale ya kurasa za nyota magazetini, hatimaye yana kazi.)

Nani mwenye kosa ukingoni

Nyota imeharibika ukingoni. Kabla ya kuilaumu lenzi, gusa gurudumu la fokasi.

Nyota ikirudi kuwa nukta, lakini sasa ya katikati ikawa imetawanyika, tatizo ni mpindo wa uwanja: lenzi na darubini hazikubaliani juu ya umbo la eneo lenye fokasi. Vijana wenye macho yanayonyumbuka hawalioni sana. Kuanzia miaka ya arobaini na kuendelea linaudhi.

Nyota ikiwa mstari mfupi, na ukizungusha gurudumu upande wa pili mstari ukageuka kwa pembe mraba, hiyo ni astigmatizimu ya lenzi. Kwenye fokasi yenyewe inaonekana kama msalaba au ndege mwenye mbawa. Ndiyo dosari inayozitia aibu lenzi pana za bei rahisi kwenye f/5. Lenzi hiyohiyo kwenye darubini ya f/10 inaweza kuonekana haina kasoro, kwa sababu mwanga unaingia kwa pembe ya upole. Kwa hiyo sifa ya lenzi iliyopimwa kwenye darubini ya mwenzako mwenye f/10 haikuhusu wewe mwenye f/5.

Mkia unaotanuka kuelekea nje, usiogeuka upande hata ukichezea fokasi, ni koma, na unatoka kwenye kioo kikuu. Kila darubini ya kioo ya f/5 inao. Lenzi zote zitauonyesha, na yenye ukuzaji mkubwa zaidi itauonyesha mkubwa zaidi. Usiiadhibu kwa hilo.

Linabaki jicho. Ukiona miiba kwenye nyota hata katikati ya dirisha, zungusha lenzi ndani ya bomba lake. Miiba ikizunguka nayo, kosa ni la lenzi. Isipozunguka, inamisha kichwa pembeni. Ikifuata kichwa, astigmatizimu ni ya jicho lako, na utaiona zaidi kwenye lenzi ya 25 au 32 kuliko kwenye ya 10, kwa kuwa duara kubwa la mwanga hutumia eneo kubwa la jicho. Watu wamebadilisha lenzi tatu za ukuzaji mdogo kumbe walihitaji kubaki na miwani yao.

Rangi nazo: nyota ukingoni ikiwa na buluu upande mmoja na nyekundu upande mwingine, ni lenzi. Sayari iliyo chini karibu na upeo wa macho ikiwa na rangi hizo juu na chini hata katikati ya dirisha, ni hewa inayopinda mwanga kama mche wa kioo. Sogea kwenye kitu kilicho juu zaidi.

Katikati

Kwa ukali wa katikati tumia nyota pacha. Acrux, nyota ya chini ya Msalaba wa Kusini, ina nyota mbili zinazong'aa zilizotengana kwa sekunde 4 hivi za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya nyuzi). Ukiwa Dar es Salaam inapanda hadi nyuzi 34 hivi, Nairobi chini ya 30, kwa hiyo subiri ifike juu kabisa ya njia yake. Kwa mara 100 na zaidi unapaswa kuona nukta mbili zenye weusi kati yake. Badilisha lenzi kwa mpangilio wa A, B, kisha A tena, ukirekebisha fokasi upya kila mara, na uipe kila moja angalau dakika mbili, kwa sababu hewa hutulia kwa vipindi na unaweza kuipongeza lenzi kwa kubahatika tu na kipindi kizuri.

Tegemea tofauti ndogo. Lenzi za kisasa zilizotengenezwa vizuri zinakaribiana sana katikati, na Plössl ya kawaida husimama bila aibu mbele ya lenzi inayogharimu mara tano yake. Fedha ya ziada inanunua ukingo, dirisha na raha ya jicho.

Mwanga wa uongo una kipimo chake. Weka Mshtarii, Zuhura au Sirius katikati, kisha isogeze polepole. Tafuta kidoa hafifu kinachokwenda upande wa pili: ni mwanga uliogongagonga kati ya vioo vya ndani. Halafu itoe nyota nje kabisa ya dirisha, kidogo tu. Lenzi iliyopakwa rangi nyeusi vizuri ndani inabaki na giza, na mbovu inarusha mshale wa mwanga kutoka ukingoni. Kasoro hii inaumiza unapotafuta miezi midogo ya Zohali au kitu hafifu karibu na nyota kali.

Mtihani mgumu zaidi kwa darubini ya kati uko ndani ya nebula ya Jabari. Nyota nne za Trapezi, kishada kidogo kilicho katikati yake, zinaonekana kirahisi kwa mara 65. Ya tano na ya sita, E na F, ni hafifu na zimebanana na zile kubwa. Zitafute kwa mara 130 hewa ikiwa tulivu. Lenzi inayotawanya mwanga huzifunika kabisa.

Kuhusu mwanga unaopotea, hofu ni kubwa kuliko tatizo. Uso wa kioo usiopakwa dawa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na uliopakwa tabaka nyingi chini ya asilimia 1. Plössl ina nyuso nne tu zinazogusana na hewa. Tofauti ya asilimia chache kati yake na lenzi ya vipande saba iliyopakwa vizuri jicho haliioni. Ukitaka kujiridhisha, chora nyota unazoziona kwenye kona moja ya kishada, zikiwemo zile zinazotokea ukiangalia kwa pembeni mwa jicho, na rudia kwa lenzi ya pili. Sharti la ukuzaji sawa linabana hapa kuliko popote.

Jicho likichoka

Lenzi nyingine huonyesha vivuli vyeusi vyenye umbo la harage vinavyoelea kwenye dirisha kila ukisogeza kichwa. Sababu ni kwamba miale ya ukingoni na ya katikati haikutani sehemu moja. Inua jicho milimita chache, au pandisha kikombe cha mpira, kisha shuka taratibu. Vikiendelea baada ya dakika kumi za kuzoea, vitaendelea daima. Pima pia uzito: kwenye darubini ya Dobson (ya kioo, inayozungushwa kwa mkono juu ya kitako) weka lenzi nzito, elekeza bomba chini, achia mkono. Bomba likizama, utahitaji uzani wa kusawazisha upande wa pili.

Jambo moja la usalama. Maboksi ya zamani huwa na kichujio cha jua kinachofungwa kwa skrubu kwenye lenzi ya jicho. Kitupe. Joto la fokasi linaweza kukipasua wakati jicho lako lipo hapo. Kichujio cha jua hufungwa mbele ya darubini tu.

Kujua kama tofauti ni ya kweli

Bei huingia jichoni. Kama lenzi mbili zina dirisha sawa na ukuzaji sawa, mwombe mwenzako azibadilishe bila kukuambia, akifunika ubavu wake kwa mkono, na wewe useme ni ipi. Fanya raundi nane. Ukipatia saba au nane, tofauti ipo. Mtu anayebahatisha kama kurusha sarafu hufikia hapo takriban mara moja kati ya 28. Ukipatia tano, karibu nusu kwa nusu, weka fedha yako mfukoni.

Kwenye daftari andika tarehe na saa, kitu ulichoangalia na urefu wake angani, hali ya hewa kwa namba 1 hadi 5, fokasi ya lenzi, dakika za safari ya Mintaka, sehemu ya njia iliyo safi, aina ya dosari, na kama umevaa miwani. Bila safu ya mwisho, wawili wenye daftari moja watabishana mwaka mzima.

Uamuzi

Mwenye darubini ya lenzi ya 70 yenye fokasi ya 700, yaani f/10, hana sababu ya kuvuka Plössl: ya 32, ya 15 hivi na ya 8 zinamtosha, na zitakuwa safi karibu hadi ukingoni. Mwenye 130 ya f/5 abadilishe kwanza ile ya 10 iliyokuja kwenye boksi, kwa kawaida ndiyo dhaifu ya wawili hao, kisha aongeze ya 5 au 6 yenye nafasi ya jicho ya kutosha. Ya 25 inaweza kusubiri. Mwenye 200 ya fokasi 1200 atafaidi lenzi moja pana ya inchi 2 ya karibu milimita 30, na baada yake ya 12 na ya 6.

Lenzi ya kuvuta (zoom), inayobadilisha fokasi kutoka 8 hadi 24, ni rafiki wa safari na wa watoto, lakini ijue tabia yake: kwenye 24, unapotaka anga pana, dirisha linabana hadi nyuzi 40 hivi, na linapanuka kuelekea 60 ukifika kwenye 8. Lenzi ya Barlow ya mara mbili, inayowekwa kati ya darubini na lenzi ya jicho, inageuza Plössl ya 20 kuwa ya 10 huku ikibakiza nafasi ya jicho ya ile ya 20 au kuizidi. Kwa mvaa miwani mwenye bajeti ndogo, jozi hiyo ndiyo ya kupima kwanza, ikishindanishwa na Plössl ya 10 yenyewe, kwenye Mshtarii, usiku ambao ukingo wa sayari umetulia.